Kompyuta tatu zilizoboreshwa, rekodi tano kwenye akaunti ya Einstein@Home: zipi ziunganishwe, zipi ziachwe?

MwalimuRehema (Morogoro)

Ndugu wanajukwaa, habari za leo.

Naomba msaada wa wale waliozoea kusimamia kompyuta kadhaa chini ya akaunti moja ya BOINC, programu inayowawezesha watu kuchangia nguvu za kompyuta zao katika miradi ya kisayansi. Ninachangia nguvu za kompyuta zangu katika mradi wa Einstein@Home, unaotafuta mawimbi ya uvutano kutoka kwenye nyota za nyutroni na kuchambua data za darubini za redio na za miale ya gama ili kugundua pulsa mpya, yaani nyota za nyutroni zinazojizungusha na kutoa mionzi inayotufikia kama mapigo. Karibuni nimeziboresha kompyuta zote tatu ninazozisimamia, na sasa ukurasa wa akaunti unaniambia kwamba nina kompyuta tano.

Ya kwanza ni kompyuta ya mezani iliyopo nyumbani. Nilibadilisha madabodi (bodi kuu), prosesa na RAM. Prosesa ya zamani ilikuwa ya Intel na ya sasa ni ya AMD yenye viini vingi zaidi, lakini diski ni ileile, Windows ni ileile, na programu ya BOINC haikuguswa. Hii imebaki na namba yake ya zamani, ila jina la prosesa limebadilika lenyewe. Ya pili ni kompyuta mpakato, ambayo diski yake ilikuwa imechoka; niliitoa, nikaweka SSD, kisha nikasimika Windows na BOINC upya. Hii inaonekana mara mbili kwa jina lilelile. Ya tatu ni kompyuta ya ofisi ya taaluma shuleni kwetu, ambayo mkuu wa shule aliridhia itumike kwa kazi hii nyakati za usiku tu. Prosesa yake haikubaliki kwa Windows 11, na kwa kuwa Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, tuliihamishia Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux. Hii nayo inaonekana mara mbili, rekodi moja ikitaja Windows na nyingine Linux.

Ningependa kujua kama rekodi zinazojirudia zinaweza kuunganishwa bila kupoteza alama (pointi ambazo mradi hutoa kwa kazi zilizofanyika) zilizokwisha kupatikana, na kwa nini kompyuta ya mezani, iliyobadilishwa zaidi kuliko zote, ndiyo pekee iliyobaki na namba yake. Linalonisumbua kuliko yote, hata hivyo, ni hili: tangu ihamishiwe Ubuntu, kompyuta ya shuleni imeanza kufanya kazi za mradi mchana, wakati wenzangu wanaandaa mitihani. Kwenye tovuti bado naona mapendeleo yangu ya usiku yapo kama nilivyoyaweka. Sipendi ruhusa tuliyopewa ionekane imevunjwa.

FundiTanga

Mwalimu, nianze na hilo la shuleni kwa kuwa linahusu watu wengine.

Mapendeleo ya BOINC yanaweza kugawanywa kwa maeneo: kuna yale ya jumla, halafu kuna ya nyumbani, ya shuleni na ya kazini. Bila shaka uliweka sharti la usiku chini ya eneo la shule, na rekodi ya zamani, ile ya Windows, ilikuwa imepangiwa eneo hilo. Ulipohamia Ubuntu, seva iliandikisha kompyuta mpya, na kompyuta mpya hupewa eneo chaguomsingi la akaunti yako. Sharti la usiku lipo kweli, ila halimhusu tena yeyote. Fungua rekodi ya Linux, bonyeza sehemu ya maelezo zaidi, teremka hadi chini, chagua eneo la shule na uhifadhi. Baada ya hapo nenda kwenye kompyuta yenyewe, uiamuru BOINC iwasiliane na mradi mara moja, maana isipowasiliana haitajua kwamba kuna mabadiliko.

Angalia jambo moja zaidi. Kama mtu aliwahi kuweka mapendeleo moja kwa moja ndani ya programu, hayo huandikwa katika faili la global_prefs_override.xml na huyashinda yale ya tovuti. Kwa kompyuta inayotumiwa na watu wengi, mimi binafsi huona ni salama zaidi kuweka saa za usiku papo hapo kwenye programu, ili hata tovuti ikibadilishwa kwa bahati mbaya wenye ofisi wasisumbuliwe.

Sasa kuhusu namba. Seva haiitambui kompyuta kwa prosesa wala kwa madabodi. Huitambua kwa namba iliyoandikwa katika faili la client_state.xml, ambalo hukaa ndani ya folda ya data ya BOINC; kwenye Windows folda hiyo ni C:\ProgramData\BOINC, na kwa kawaida imefichwa. Kila BOINC inapowasiliana na mradi hutaja namba hiyo pamoja na maelezo ya vifaa ilivyovikuta, na seva huandika maelezo mapya juu ya yale ya zamani. Ndiyo sababu kompyuta yako ya mezani imebaki na namba yake ingawa ndani yake karibu kila kitu ni kipya: folda ilisalimika pamoja na diski. Kompyuta mpakato haikubadilishwa prosesa wala RAM, lakini folda iliondoka na diski ya zamani, kwa hiyo seva ikaiona kama mgeni.

Rekodi mbili za kompyuta mpakato zinaweza kuunganishwa. Ingia kwenye orodha ya kompyuta zako, fungua maelezo ya ile mpya, na mwishoni utakuta kiungo cha kuunganisha rekodi zinazojirudia. Seva itakuonyesha zile tu inazoona zinaweza kuwa kompyuta moja. Kigezo chake cha kwanza ni muda: rekodi moja lazima iwe imekoma kuwasiliana kabla ya nyingine kuandikishwa, kwa sababu kompyuta moja haiwezi kuwa na maisha mawili kwa wakati mmoja. Pili, mifumo endeshi lazima iwe ya jamii moja. Tatu, maelezo ya prosesa lazima yapatane. Kompyuta mpakato yako inatimiza yote. Alama za rekodi mbili hujumlishwa na kazi zake za zamani huhamishiwa kwenye rekodi inayobaki. Kuwa makini tu kabla ya kuthibitisha, kwa kuwa hakuna kitufe cha kutengua.

Ile ya shuleni haitaunganishwa, kwa sababu Windows na Linux ni jamii mbili tofauti. Usihangaike kutafuta ujanja. Alama zilizopatikana chini ya Windows zimo tayari katika jumla ya akaunti yako, na jumla hiyo haipungui kwa kuwa kompyuta imestaafu. Rekodi ya zamani unaweza kuiacha. Baada ya siku 30 bila mawasiliano itatoka kwenye orodha ya kompyuta hai, na utaiona tu ukiomba orodha kamili. Ukitaka kuifuta kabisa, kiungo cha kufuta hutokea pale ambapo hakuna tena kazi yoyote ya kompyuta hiyo iliyobaki katika hifadhidata ya mradi. Kazi ambayo umekwisha kuirudisha inaweza kubaki humo kwa muda ikisubiri jibu la mchangiaji mwingine, hivyo usishangae kiungo kikichelewa.

NyotaKisumu

Fundi ameeleza vizuri, na ningependa kuongeza machache kabla ya kusema mahali ambapo sikubaliani naye kikamilifu.

Kila mradi una hifadhidata yake. Ikiwa Mwalimu anachangia pia Rosetta@home au World Community Grid, tarakilishi hiyohiyo ina namba tofauti katika kila mradi, na kuunganisha rekodi kwenye Einstein@Home hakugusi miradi mingine. Itabidi apite mradi mmoja baada ya mwingine. Vilevile asitishike akiona wastani wa alama wa hivi karibuni uko chini baada ya maboresho. Wastani huo hupungua kwa nusu kila wiki isiyo na kazi, na hupanda kwa mwendo huohuo: tarakilishi mpya inayofanya kazi bila kukatizwa hufikia nusu ya kiwango chake halisi baada ya wiki moja, robo tatu baada ya mbili, na karibu asilimia 94 baada ya nne. Nimewaona watu wakivua prosesa nzuri na kuirudisha dukani kwa sababu tu walitazama wastani siku chache baada ya kuifunga. Kipimo bora cha siku za mwanzo ni muda ambao kazi moja ya aina ileile inachukua kwenye vifaa vipya ikilinganishwa na vya zamani.

Ninapotofautiana na Fundi ni katika kulichukulia suala la namba kama usafi wa orodha tu. Rekodi ya tarakilishi ni sehemu ya kumbukumbu za kisayansi. Mnamo Agosti 2010 Einstein@Home ilitangaza pulsa yake ya kwanza, PSR J2007+2722, inayojizungusha takriban mara 41 kwa sekunde, iliyopatikana katika data za darubini ya Arecibo. Waliotajwa kuwa wagunduzi walikuwa wanandoa wa jimbo la Iowa huko Marekani na mchangiaji mmoja wa mji wa Mainz nchini Ujerumani, kwa kuwa ni tarakilishi zao zilizorudisha jibu lile. Zilikuwa kutoka sehemu mbili kwa sababu kazi moja hutumwa kwa wachangiaji wawili ili majibu yalinganishwe. Pasipo rekodi inayosema jibu hili limetoka kwenye tarakilishi hii ya akaunti hii, shukrani zile zisingewafikia wenyewe.

Kuna zaidi ya heshima. BOINC ina utaratibu unaotumiwa na baadhi ya miradi ambapo tarakilishi iliyorudisha majibu sahihi mfululizo huaminiwa, na kazi zake nyingi hazitumwi tena kwa mtu wa pili. Imani hiyo huhifadhiwa kwenye rekodi. Sasa mtu akibadilisha madabodi, prosesa na RAM huku folda ikibaki ileile, vifaa ambavyo havijajaribiwa hata siku moja hurithi imani iliyojengwa na vifaa vilivyokwisha kung'olewa. Utaratibu una kinga, kwa sababu hata tarakilishi inayoaminiwa hukaguliwa mara mojamoja, na jibu moja batili hurudisha hesabu ya imani kwenye sifuri. Hata hivyo naona ni haki kwa wanasayansi, pale ambapo kilichobaki ni diski na kasha tu, kuiacha seva iandikishe tarakilishi mpya. Namba ya zamani ina hadhi gani ambayo inatufanya tuing'ang'anie?

FundiTanga

Ndugu NyotaKisumu, hoja yako ya imani ni ya msingi na naikubali kwa mradi unaotumia utaratibu huo. Einstein@Home kwa kawaida hulinganisha majibu ya wachangiaji wawili, kwa hiyo hatari ya vifaa vipya kupitisha jibu bovu kwa kisingizio cha sifa ya zamani ni ndogo sana. Ukimlazimisha Mwalimu aandikishe upya kompyuta ya mezani, atapoteza mpangilio wa eneo, na kama kuna kazi zilizo njiani zitahesabiwa kuwa zimetelekezwa, kisha zitumwe kwa mtu mwingine ambaye ataanza upya kutumia umeme wake. Ningemshauri abaki na namba, ila afanye yafuatayo katika siku za kwanza: apunguze akiba ya kazi (zile zinazopakuliwa mapema zikisubiri zamu) iwe ndogo kabisa, aamuru programu ipime upya kasi ya prosesa badala ya kusubiri kipimo cha kawaida kinachofanyika kila baada ya siku tano, na afungue orodha ya kazi zake kwenye tovuti mara kwa mara kutazama kama kuna zinazohukumiwa kuwa batili. Hapo ndipo ukweli wa vifaa vipya hujulikana.

Akiba ndogo ni muhimu hata kwa ile ya shuleni. Kompyuta mpya machoni pa seva haina historia, makadirio ya muda wa kazi huwa ya kubahatisha, na kompyuta inayofanya kazi usiku tu inaweza kubeba mzigo ambao haitaumaliza. Kazi nyingi za Einstein@Home hupewa takriban wiki mbili. Ukikadiria kwa saa za usiku peke yake, muda huo si mrefu.

MwalimuRehema (Morogoro)

Nawashukuru wote wawili. Eneo la kompyuta ya shuleni nimelirekebisha, nikaweka na saa za usiku ndani ya programu yenyewe, na leo mchana imekaa kimya. Rekodi za kompyuta mpakato zimeungana na alama zimejumlishwa kama Fundi alivyosema.

Nimefuata pia ushauri wa kutazama orodha ya kazi, na hapo nimekutana na jambo jipya. Kompyuta ya mezani imerudisha kazi kadhaa ambazo seva imezihukumu kuwa batili, jambo ambalo halikutokea kamwe kwa prosesa ya zamani. Kazi zenyewe zilikamilika bila ujumbe wowote wa hitilafu. Aliyenifungia vifaa hivyo aliwasha kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta kabla Windows haijawaka) mpangilio wa kuifanya RAM iende kwa kasi iliyoandikwa kwenye kasha lake. Je, hilo linaweza kuwa chanzo? Na kwa siku zijazo, ipo njia ya kubadilisha diski bila kuzaliwa rekodi ya pili?

FundiTanga

Hilo ndilo ningelishuku kabla ya kitu kingine chochote. Kazi inayokamilika bila hitilafu halafu ikakataliwa kwenye ulinganisho maana yake hesabu ilifanyika hadi mwisho, ila mahali fulani tarakimu zilipotoka. Kasi iliyotangazwa kwenye kasha la RAM mara nyingi iko juu ya kiwango cha kawaida ambacho prosesa inahakikishiwa na mtengenezaji wake, na Windows inaweza kutumika miezi kadhaa bila kuonyesha dalili, kwa kuwa kuandika barua na kutazama video hakuisumbui kumbukumbu kama hesabu zinazokesha kwenye viini vyote. Rudi kwenye BIOS, uirejeshe RAM kwenye mpangilio wa kawaida, kisha uiache Memtest86+, programu ya kupima RAM, ifanye kazi usiku mzima. Isipoonyesha kosa, angalia joto la prosesa wakati viini vyote vinatumika. Morogoro mwezi wa Januari si mahali pa kubahatisha na feni ndogo. Wakati huo wote iamuru BOINC isipokee kazi mpya. Hapa ninamuunga mkono NyotaKisumu bila kusita: mpaka vifaa vithibitike, majibu yake hayafai kuingia kwenye sayansi ya watu.

Kuhusu diski, njia ipo, nayo inadai utaratibu. Iamuru BOINC isipokee kazi mpya, iache imalize zilizopo, kisha iwasiliane na mradi ili zote ziripotiwe. Ifunge BOINC kabisa, si dirisha lake tu. Nakili folda nzima ya data mahali salama. Kwenye diski mpya simika BOINC, ifunge kabla haijajiunga na mradi wowote, kisha uweke folda uliyonakili mahali pa ile iliyoundwa na usimikaji. Ikiwaka, itataja namba ileile na seva itaipokea kama iliyotoka safarini. Njia hii inafaa kutoka Windows kwenda Windows au Linux kwenda Linux. Ukivuka kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine, programu za mradi zilizomo kwenye folda hazitatumika, na kazi yoyote iliyobaki nusu itaharibika.

Tahadhari ni moja: folda hiyo isitumike kwenye kompyuta mbili. Seva huhesabu mawasiliano ya kila kompyuta kwa mfuatano, na ikipokea hesabu iliyo nyuma ya ile inayoijua hutambua kwamba faili limenakiliwa, ikaandikisha rekodi nyingine papo hapo. Ndivyo orodha za watu zinavyojaa majina yanayofanana.

BintiPwani

Nimefuatilia mjadala huu kwa makini, na kuna jambo ambalo Mwalimu hakuliuliza lakini linamhusu moja kwa moja, kwa sababu ana diski ya zamani iliyotolewa kwenye kompyuta mpakato.

Ndani ya folda ya data ya BOINC kuna mafaili ambayo majina yake huanza na account_, moja kwa kila mradi, na humo umeandikwa ufunguo wa akaunti. Mwenye ufunguo huo anaweza kuingia kwenye akaunti yako kwenye tovuti ya mradi kana kwamba ni wewe. Watu hukumbuka kufuta picha na nyaraka wanapouza au kugawa diski, ila folda hii kwa kuwa imefichwa huachwa. Kama diski hiyo itampata ndugu, mwanafunzi au fundi wa mtaani, ifute yote kwanza. Ikiwa imekufa kiasi cha kutofutika, basi isitoke nyumbani ikiwa nzima.

Kwa kompyuta ya shuleni, ambayo wengine wanaweza kuifungua, kuna njia iliyo bora tangu mwanzo. Kwenye ukurasa wa akaunti, sehemu ya funguo, utakuta ufunguo dhaifu. Ufunguo huu unaiwezesha kompyuta kujiunga na akaunti yako na kukuchumia alama, lakini haumruhusu mtu kuingia kwenye akaunti wala kubadilisha chochote. Maelekezo ya faili la kuweka yapo pale pale kwenye ukurasa. Ufunguo dhaifu hutokana na nenosiri, kwa hiyo ukibadilisha nenosiri ule wa zamani hubatilika na itabidi uweke mpya kwenye kila kompyuta inayoutumia. Na kwa kuwa kompyuta ya shuleni ina rekodi mpya ambayo bado haijabeba kazi nyingi, ifanye badiliko hilo sasa: isitishe isipokee kazi mpya, ripoti zilizopo, kisha weka faili lenye ufunguo dhaifu mahali pa lile lenye ufunguo kamili. Usiiondoe kwenye mradi na kuiandikisha tena, maana kazi zilizo mkononi zingehesabiwa kuwa zimetelekezwa.